Adabu ya Sauti Katika Kambi za Kilimanjaro

Njia ya Machame, tofauti na ile ya Marangu ambayo wapandaji wake hulala katika vibanda vya mbao, haina nyumba ya kumhifadhi mgeni. Tangu ukingo wa msitu hadi miamba ya kambi ya Barafu watu hulala katika mahema, na hema, hata likiwa la thamani kubwa namna gani, ni kitambaa tu, kinachozuia mvua na kupunguza makali ya upepo, lakini kisichokuwa na uwezo wowote juu ya sauti ya jirani. Akikohoa mtu wa hema la tatu utamsikia. Akijigeuza ndani ya begi lake la kulalia utamsikia. Akimnong'oneza mwenziwe siri ya nyumbani kwao, siri hiyo itakufikia pasina wewe kuitaka wala yeye kukusudia. Sauti huingia humo bila ya kupiga hodi, na mwenye hema hana mlango wa kuifungia nje. Kwa sababu hiyo nimeona kwamba katika mambo yote ambayo msafiri wa mlimani huusiwa kabla ya kuondoka, kama vile mavazi ya baridi, kunywa maji mengi na kwenda polepole, limesahauliwa jambo moja lenye athari kubwa juu ya raha na afya ya wenzake, nalo ni adabu ya sauti.

Sitaki nidhaniwe kuwa adui wa muziki. Mimi ni mtu wa Tanga, niliyelelewa katika mtaa ambamo harusi haikuhesabiwa kuwa harusi pasipo tarabu na vifijo hadi usiku wa manane, na ambamo mtoto alijifunza kulala usingizi mzito huku ngoma ikirindima nyuma ya ukuta wa chumba chake. Lakini katika mtaa ule jirani alikuwa amekwisha kuarifiwa siku nyingi kabla, amealikwa, amepelekewa sahani ya pilau, na aghalabu yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wachezaji. Shangwe ilikuwa mali ya wote, kwa hiyo haikumdhulumu mtu. Hali ya kambi si hiyo. Kambini hukutana watu wasiojuana, waliotoka nchi mbalimbali, kila mmoja akiwa ametumia fedha nyingi na kuziacha shughuli zake kwa ajili ya haja iliyo moyoni mwake, na ujirani wao wote una umri wa usiku mmoja, kwani alfajiri kila kundi litang'oa mahema yake na kushika njia.

Tulipanda mwezi wa Desemba, majira ambayo Watanzania wengi hukwea mlima huu kwa kuukumbuka Uhuru, tangu pale Luteni Alexander Nyirenda alipoupandisha mwenge hadi kileleni mwaka 1961. Langoni Machame, ambako mizigo ya wapagazi hupimwa kwenye mizani ili mtu mmoja asichukue zaidi ya kilo 20, palikuwa na halaiki ya watu na nyimbo za kila namna, na hapakuwa na aliyeudhika, maana langoni ni mahali pa kuagana na kutiana moyo. Kiongozi wa msafara wetu alikuwa mzee wa Kimachame, mwenye mvi na maneno machache, ambaye sisi sote, hata wale waliokuwa na vyeo vikubwa mjini, tulimwamkia shikamoo kila asubuhi. Naye aliitikia marahaba kwa kila mtu, mmoja mmoja, asimruke hata mpagazi mdogo kuliko wote.

Usiku wa kwanza hapakuwa na la kusimulia juu ya watu, kwa kuwa uchovu wa msituni uliwanyamazisha wote. Aliyesema usiku ule ni perere, mnyama wa mitini asiyezidi sungura kwa ukubwa, ambaye mlio wake huanza kwa mkwaruzo mzito na kupanda daraja kwa daraja hadi ukaishia katika mayowe. Baadhi ya wageni waliamka wakiulizana kama kuna mtu aliyepatwa na balaa. Mzee aliwajibu kutoka hemani mwake kwamba huyo ni mwenyeji, na kambi ikatulia.

Kambi ifuatayo, Shira, ni uwanda mpana ulio wazi, na makundi mengi hufika huko adhuhuri au alasiri, jua likingali na nguvu. Hapo wapagazi waliotutangulia walitupokea kwa wimbo, wakipiga makofi na kugonga madebe, na wimbo uliotamalaki ulikuwa “Jambo Bwana”, ambao Teddy Kalanda Harrison aliutunga na bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa ikaurekodi mwaka 1982, na ambao watu wa mlimani wameupokea na kuutia majina ya kambi zao na ya kilele, hata mgeni asiyejua asili yake hudhani ulizaliwa papo hapo penye mawe ya Shira. Tuliingia duarani, tukacheza kwa kadiri pumzi zilivyoturuhusu. Mgeni mmoja wa kundi jirani, aliyekuwa ameketi mbele ya hema lake na kitabu mkononi, alimwita mzee na kumlalamikia kwamba yeye amesafiri kutoka mbali kutafuta kimya, na kwamba kelele hizi zinamharibia mlima. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa upole kwamba watu hawa wamekuwa njiani tangu asubuhi, na kwamba katika mizigo waliyobeba wao na wenzao kuna hema analolalia, chakula atakachokula na kiti alichokikalia; wataimba nyimbo tatu, kisha watakwenda kuteka maji na kupika.

Jibu lile niliona ni la haki, na mpaka leo sijabadili rai. Wako wasafiri wanaokwenda Kilimanjaro wakiwa wameushika moyoni mlima usio na watu, nao humhesabu mpagazi anayeimba kuwa ni dosari katika mandhari. Ilhali mlima huu una watu, una kazi, na kazi yake ni nzito kiasi kwamba pasipo wimbo ingekuwa adhabu. Wimbo wa Shira ulikuwa na sifa ambazo kwangu ndizo zinazoufanya muziki wa nje uwe halali: uliimbwa mchana, wakati ambao hapana aliyehitaji kulala, ulitoka vinywani mwa watu waliochoka, kwa hiyo ulikuwa na mwisho, na kila aliyekuwa karibu alikaribishwa kuingia. Bisi na chai zilipoletwa katika hema la kulia wimbo ulikuwa umekwisha, na yule mgeni alikuwa amerudi kwenye kitabu chake.

Mambo hubadilika jua linapotua, na kuna sababu ya kimaumbile ambayo kila apigaye kambi angepaswa kuijua. Mchana ardhi huipasha joto hewa iliyo karibu nayo, na sauti inayopita katika hewa hiyo hupinda kwenda juu, ikapotea angani. Usiku ardhi hupoa upesi, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti hupinda kurudi chini, ikasafiri juu ya uso wa nchi hadi mbali. Maneno ambayo mchana yangefifia baada ya hatua chache, usiku hufika kamili. Katika bonde la Barranco, lenye ukuta mkubwa wa mwamba upande mmoja, niliwasikia wapishi wa kundi jingine wakisugua masufuria yao ng'ambo ya kijito, na mazungumzo yao juu ya karo za watoto na bei ya saruji yalinifikia neno kwa neno, ingawa walikuwa wakisema kwa sauti ya kawaida wala hawakuwa na nia ya kumsumbua mtu. Mtu wa kambini anayepima ukubwa wa sauti yake kwa sikio la mchana humkosea jirani yake bila ya kujua.

Barafu ni kambi ya taabu. Iko juu ya mgongo wa miamba, mita zaidi ya 4,600 kutoka usawa wa bahari, pasipo mti wala maji, hata maji ya kunywa huchukuliwa na wapagazi kutoka bonde la Karanga. Na mahali patambarare ni haba mno, hata mahema husimamishwa yakiwa yamekaribiana sana, kamba za hili zikipita juu ya kamba za lile. Wapandaji wengi hufika mchana, hula chakula cha jioni mapema, hulala kabla ya giza, huamshwa kiasi cha saa 5 usiku, na saa 6 huanza kukwea kwa mwanga wa taa za kichwani. Saa chache zilizo kati ya kula na kuamshwa ndizo usiku wao wote. Na hata hizo si kamili, kwa kuwa mwili uliomo katika hewa nyepesi hupumua usingizini kwa namna isiyo ya kawaida: pumzi huongezeka, hupungua, husimama kwa sekunde kadhaa, kisha mtu hugutuka akihema kwa hofu, na ikamchukua muda kurudiwa na usingizi. Mtu anayeamshwa mara moja zaidi kwa kelele za jirani amepokonywa kitu ambacho hana mahali pa kukifidia.

Jioni ile, yapata saa 12 na nusu, sehemu kubwa ya kambi ilikuwa imelala. Katika hema la njano lililokuwa kando yetu alikuwamo mama mmoja mgeni aliyekuwa akitapika tangu Karanga, na mumewe alikuwa amemaliza kumlaza. Ndipo katika hema la kulia la kundi la vijana wa mjini, waliochelewa kufika na ambao furaha yao ya kukifikia kituo cha mwisho ilikuwa kubwa, ikawashwa spika ndogo ya kuchaji, ikatundikwa kwenye nguzo ya hema, na nyimbo za Bongo Fleva zikaanza kufuatana. Muziki wenyewe haukuwa mbaya. Baadhi ya nyimbo zile nazipenda, na nikiwa nyumbani huziongezea sauti. Lakini wimbo wa kwanza haukuwa na dalili ya kuwa wa mwisho, wala wa tano, kwa maana chombo kile, tofauti na wapagazi wa Shira, hakina koo la kukauka wala chakula cha kwenda kupika.

Mzee alitoka hemani mwake, akavaa koti, nami nikamfuata. Alisimama nje ya hema lile akapiga hodi, wakamkaribisha kwa shikamoo za pamoja.

“Marahaba, wanangu. Poleni na njia.”

“Tumeshapoa, mzee. Karibu chai.”

Akachutama karibu na mlango, akapokea kikombe cha bati, akakishika kwa mikono miwili kwa ajili ya baridi, na hakusema neno lolote juu ya muziki mpaka alipokinywa nusu yake.

“Mnaondoka saa ngapi?”

“Saa sita, inshallah.”

“Sisi pia saa sita. Wale wa hema la njano saa tano, maana mama yule hana nguvu, watakwenda naye taratibu zaidi. Na sasa inakaribia saa moja. Mtalala lini, wanangu?”

Walitazamana. Binti mmoja, aliyejifunga leso juu ya kofia ya sufu, akasema, “Mzee, tulidhani bado ni mapema. Huko chini saa hizi ndiyo kwanza watu wanatoka kazini.”

“Huko chini, ndiyo. Hapa saa hizi ni usiku wa manane.”

Kijana mwenye spika aliizima mwenyewe kabla ya kuambiwa, akaomba radhi, kisha akauliza kwa unyonge kama basi kesho, wakishuka salama, wataruhusiwa. Mzee akamwambia kwamba kesho, wakiimba Mweka, kambi ya kushukia, yeye atakuja kucheza. Alimaliza chai yake, akarudisha kikombe, na tukarudi kulala.

Nimelifikiri sana tendo lile, kwa sababu nimeona katika kambi nyingine watu wakipigiana makelele usiku ili kuondoa makelele, wakatishana kuitiana askari wa hifadhi, na mwisho kambi nzima ikaamka. Mzee hakuwahukumu vijana wale kuwa watovu wa adabu, kwani hawakuwa hivyo. Walikuwa watu wema waliobeba saa ya mjini hadi mahali ambapo saa hiyo haina maana, na yeye aliwapa ilmu waliyokosa.

Katika hifadhi za taifa za Marekani, ambako desturi ya kupiga kambi ni kongwe na wapigakambi ni wengi, kanuni hukataza redio au mashine kutoa sauti inayopita desibeli 60 ikipimwa kwa umbali wa futi 50, na kambi nyingi hutangaza saa za kimya kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ni kanuni njema, kwa sababu humwezesha askari kuamua pasipo kubishana juu ya ladha ya mtu au aina ya muziki, na katika kambi ambayo watu hula usiku, huzungumza kando ya moto na kuamka na jua, haki hutendeka. Lakini kanuni hiyo ikichukuliwa kama ilivyo na kupandishwa hadi Barafu, itawalinda watu katika saa ambazo wameamka na kuwaacha bila ya himaya katika saa ambazo wamelala. Saa 4 usiku pale, muda si mrefu wapishi watawasha majiko. Kwa hiyo mimi siamini kwamba saa moja ya kimya yaweza kufaa kila kambi; la kuuliza ni watu wa mahali hapo wamekuja kufanya nini, na usiku wao huanza lini.

Kilele, chenye mita 5,895, tulikifikia jua likichomoza, nami sitaeleza zaidi, kwani waliokieleza ni wengi. Yule mama wa hema la njano tulimpita njiani karibu na mahali paitwapo Stella, akiwa ameketi juu ya jiwe, mumewe akimsugua mikono. Na baadaye nilimwona Mweka akiwa kwa miguu yake mwenyewe, akila mtori.

Na Mweka watu waliimba. Kambi ile haina apandaye. Wote waliomo wameshuka, taabu yao imekwisha, na miti imerudi kuwafunika. Vijana wa mjini waliitoa spika yao, lakini haikudumu, kwa sababu wapagazi walipoanza kuimba kwa vinywa, na wapishi wakagonga sufuria, hapana aliyeisikia tena, na mwenyewe akaizima ili aingie duarani. Mzee alitimiza ahadi. Alicheza kwa mabega tu, mikono nyuma, na watu wakamshangilia hadi sauti zikakauka. Tuliendelea hadi saa 3 na zaidi, na katika mahema yote sikusikia aliyeguna.

Kutoka Moshi nilikwenda na jamaa zangu Serengeti, tukapiga kambi Seronera, na huko nilikuta hukumu nyingine kabisa. Kambi za umma za Seronera hazina uzio; majiko na mahali pa kulia vimezungushiwa nyavu za chuma, lakini mahema yako wazi nyikani, na baada ya magharibi magari hayaruhusiwi kuzunguka hifadhini. Usiku wa kwanza gari moja lilifunguliwa milango yote na redio yake ikaachwa ikipiga. Mpishi wetu hakuwa na haja ya kulala mapema, wala hakuwa mtu wa kununa, lakini alionekana kuwa na wahaka, na nilipomuuliza alinieleza kwamba usiku yeye humjua mnyama kwa sikio kabla ya jicho: nyati akila majani huyakata kwa sauti ya kuchanika, tembo tumbo lake hunguruma, na mtu aendaye msalani na tochi hawezi kuyasikia hayo muziki ukiwa juu. Ndipo akaenda kuwaomba wenye gari, nao walikubali mara moja.

Tuliyoyasikia baada ya hapo yanajulikana kwa wachunguzi wa wanyama. Ngurumo ya simba huweza kufika kilomita 8, na mwito wa fisi kilomita 5. Na tembo huitana kwa sauti nzito iliyo chini ya uwezo wa sikio la binadamu, ambayo katika nyika kavu jioni hufika mbali mara nyingi kuliko mchana, kwa sababu ile ile ya hewa baridi iliyolala juu ya ardhi. Simba hangurumi kwa ajili yetu. Humwarifu jirani yake mipaka, na huwaita wenziwe waliotawanyika. Katika nchi ambayo wenyeji wake hufanya shughuli zao zote za usiku kwa sauti, sioni hoja ya kuruhusu spika hata moja, iwe ndogo au kubwa, iwe saa 1 usiku au saa 6. Mtu anayetaka muziki wake Seronera na aweke visikizi masikioni, naye akae ndani ya nyavu, asije akaikosa sauti ya hatua za nyati.

Kilimanjaro hapahitaji ukali huo. Kila kambi ina ubao wenye jina lake, kimo chake, na saa za mwendo hadi kambi ifuatayo, na hakuna apandaye asiyesimama hapo kupigwa picha. Ningependa wenye mamlaka waongeze mstari mmoja chini ya kimo: Machame na Shira, kimya kuanzia saa 3 usiku, Barranco na Karanga, saa 2, Barafu, kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku, na Mweka watu waachiwe hadi saa 4. Kiongozi wa kila kundi ausome mstari huo kwa sauti mbele ya watu wake wote, wageni, wapagazi na wapishi pamoja, kabla ya mzigo wa kwanza kufunguliwa.